Jinsi ya kupata Kiingereza sahihi cha neno la Kijerumani "Trägheit"

Fungua kamusi yoyote ya Kijerumani na Kiingereza, utafute "Trägheit". Utakuta maneno yamepanga foleni: "inertia", "laziness", "sluggishness", "sloth", "indolence", "lethargy". Kamusi imekupa yote, kazi ya kuchagua imekuachia wewe. Wengi huchukua lile walilolizoea tangu shuleni, yaani "laziness", wakasonga mbele. Hapo ndipo kitabu cha fizikia kinapoanza kusimulia uvivu wa mawe, na ripoti ya wodini inapomwita mgonjwa mvivu ilhali amekwisha nguvu.

Mwongozo huu ni wa Mswahili anayesoma Kijerumani kwa kupitia Kiingereza: mwanafunzi wa lugha Nairobi au Dar es Salaam, mfasiri, muuguzi anayejiandaa kwenda kufanya kazi Ujerumani, fundi anayesoma maelezo ya mashine. Tunapita njia hiyo ndefu kwa sababu kamusi kubwa za Kijerumani zinazopatikana kwa urahisi hutafsiri kwenda Kiingereza. Kwa hiyo tunalazimika kuzijua lugha mbili za kigeni kwa wakati mmoja, na neno hili ni mahali ambapo lugha hizo mbili haziendi sambamba hata kidogo.

Jambo la kushika kabla ya yote ni hili: "Trägheit" kwa asili yake halimshtaki mtu. Linasema kwamba kitu, mtu au mfumo ni mzito kuitika, mzito kuanza, mzito kubadilika. Kama kuna lawama, lawama hiyo inatoka kwenye sentensi iliyolizunguka. Kiingereza kimeugawa uzito huo katika maneno mengi, kila neno na mahali pake. Hatua zinazofuata ni za kukufikisha kwenye neno la mahali pako.

Hatua ya kwanza: hakikisha umelisoma neno lenyewe

Ni nomino ya jinsia ya kike, "die Trägheit". Nomino zote za Kijerumani huanza na herufi kubwa hata zikiwa katikati ya sentensi. Kivumishi chake, "träge", huandikwa kwa herufi ndogo. Nukta mbili juu ya "a" ni sehemu ya herufi. Kibodi yako ikiwa haina herufi hiyo, andika "ae", yaani "Traegheit", usiandike "Tragheit". Katika matamshi, "g" iliyo mwisho wa silabi husikika kama "k", na mkazo uko mwanzoni: "TREEK-hait". Wingi, "Trägheiten", hauonekani mara nyingi.

Mtego ulio jirani ni "Träger". Kwa herufi kubwa, "der Träger" ni mbebaji, au boriti ya jengo, au mkanda wa nguo unaopita begani, na linatokana na kitenzi "tragen", kubeba. Kwa herufi ndogo, "träger" ni kivumishi chetu kilichovaa kiambishi cha sarufi: "ein träger Mann" ni mwanamume mzito, asiye mchangamfu. "Krankheitsträger" ni mwenye kubeba ugonjwa, si mgonjwa mlegevu. Anayesoma haraka huwachanganya hawa wawili, hasa mwanzoni mwa sentensi ambapo kila neno lina herufi kubwa.

Hatua ya pili: uliza ni nini au ni nani aliye "träge"

Hili ndilo swali kuu, na usilipite mpaka umelijibu. Kijerumani mara nyingi hukupa jibu papo hapo kwa muundo wa kumiliki: "die Trägheit des Marktes" ni ya soko, "die Trägheit des Darms" ni ya utumbo, "die Trägheit des Herzens" ni ya moyo. Pigia mstari neno linalofuata, halafu uendelee.

Lakini usidhani neno hilo moja linatosha kila mara. Chukua "die Trägheit des Körpers". "Körper" ni mwili wa binadamu, na pia ni kitu chochote chenye masi katika fizikia. Msemo uleule, kwenye ukurasa wa Newton, ni "the inertia of the body". Kwenye makala ya afya inayoeleza mtu anavyojisikia baada ya kula ugali mkubwa mchana, ni "the sluggishness of the body". Kinachoamua ni majirani. Ukiona "Masse", "Kraft", "Bewegung", "Beschleunigung", yaani masi, kani, mwendo, mchapuko, uko kwenye fizikia. Ukiona "müde", "Hitze", "Schlaf", yaani uchovu, joto, usingizi, uko kwa binadamu.

Hapa Kiswahili chako ni msaada mkubwa kuliko unavyofikiri. Kabla hujaandika neno la Kiingereza, sema sentensi ile kwa Kiswahili cha nyumbani. Je, ungesema "mvivu", au "mlegevu", au "mzito", au "amebweteka"? Je, ungesema biashara "imedorora"? Lugha yetu nayo imegawa maana hizi vizuri, tena kwa umakini, na ukishajua uko upande gani kwa Kiswahili, nusu ya kazi imekwisha.

Hatua ya tatu: ikiwa ni fizikia au ufundi, anza na "inertia"

Kwenye sayansi jibu karibu daima ni "inertia", ile ambayo kwa Kiswahili huitwa inesha: tabia ya kitu kubaki katika hali yake, kikiwa kimetulia kibaki kimetulia, kikiwa mwendoni kiendelee kwa kasi ileile na kwa mstari ulionyooka, mpaka kani itoke nje na kukibadilisha. Dereva wa daladala akifunga breki ghafla, abiria waliosimama hutupwa mbele. Gari limesimama, miili yao bado inaendelea. Wajerumani huita kanuni hiyo "Trägheitsgesetz", Waingereza "the law of inertia", nayo ndiyo sheria ya kwanza ya mwendo ya Isaac Newton, iliyochapwa mwaka 1687.

Inafaa kujua kwamba neno "inertia" lenyewe, kwa Kilatini, lilikuwa la binadamu: lilimaanisha kukosa ujuzi, kukaa bure, uvivu. Johannes Kepler alilitumia kwa vitu kabla ya Newton, na sayansi ikalichukua. Kwa hiyo Kijerumani na Kiingereza vilianza mahali pamoja. Tofauti ni kwamba Waingereza walilichukua neno la Kilatini kwa ajili ya vitu, wakabaki na maneno mengine kwa watu. Wajerumani waliendelea kutumia neno lao moja kwa wote. Mwaka 1905 Albert Einstein alichapisha makala fupi iliyouliza kwa Kijerumani: "Ist die Trägheit eines Körpers von seinem Energieinhalt abhängig?" Kwa Kiingereza inajulikana kama "Does the Inertia of a Body Depend upon Its Energy Content?" Ndiyo makala iliyotuletea uhusiano wa masi na nishati. Weka "laziness" hapo uone jinsi maana inavyobomoka.

Kwenye maneno ya kuunganishwa, angalia kwamba Kiingereza hubadilisha umbo. "Trägheitsmoment" ni "moment of inertia". Lakini "Trägheitskraft" ni "inertial force", "träge Masse" ni "inertial mass" na "Trägheitsnavigation" ni "inertial navigation", ule mfumo wa ndege na meli unaojua mahali ulipo kwa kupima mchapuko wake wenyewe. Hata hisabati inalo: "Trägheitssatz von Sylvester" ni "Sylvester's law of inertia", ingawa hapo hakuna kitu kinachosogea.

Kemia ina neno lake. "Reaktionsträge" husemwa kwa kitu kisichopenda kuungana na vitu vingine, kama gesi ya heli au agoni, na Kiingereza chake ni "inert" au "unreactive". Usiandike "inertial" hapo. Maneno hayo mawili yanafanana kwa sura tu: "inert" ni kitu kisichoitika, "inertial" ni kinachohusu inesha. Nimeona mkanganyo huu kwa watu wenye Kiingereza kizuri sana, kwa hiyo uangalie mara mbili.

Sasa njoo kwenye benchi la fundi wa umeme, kwa sababu hapo neno letu limeandikwa mbele ya macho ya watu kila siku bila wengi kulitambua. Chukua fyuzi ndogo ya kioo kutoka kwenye redio, televisheni au chaja, usome kwenye kifuniko chake cha chuma. Utakuta kitu kama "T3.15A 250V" au "F2A 250V". Hiyo T ni "träge", na F ni "flink", yaani nyepesi, ya haraka. Mpangilio mzima wa herufi unasomeka kwa Kijerumani: FF ni "superflink", F ni "flink", M ni "mittelträge", T ni "träge", TT ni "superträge", nao umeingia kwenye viwango vya kimataifa vya fyuzi, IEC 60127. Waingereza na Wamarekani wanaposoma T husema "time-lag" au "slow-blow". Waingereza wengine husema "anti-surge". Hakuna anayesema "lazy fuse".

Maana hapa ni ya kazi kabisa. Kifaa chenye mota au transfoma huvuta mkondo mkubwa kwa kitambo kidogo sana kinapowashwa. Fyuzi ya T huuvumilia mshtuko huo mfupi, na hukatika tu mkondo mkubwa ukiendelea. Fyuzi ya F hukatika upesi, kwa hiyo ukiiweka mahali pa T itaungua kila unapowasha kifaa. Na ukiweka T mahali pa F, kile ilichowekwa kukilinda kinaweza kuharibika kabla fyuzi haijakatika. Mfasiri wa maelezo ya mashine akikosea neno hili, kosa lake linafika hadi kwenye saketi. Ukikutana na "träge Sicherung", andika "slow-blow fuse" kwa msomaji wa Marekani na "time-lag fuse" kwa msomaji wa viwango vya kimataifa, kisha hakikisha herufi T imebaki kama ilivyo.

Hatua ya nne: ikiwa ni mtu, liweke "laziness" kando kwanza

Kijerumani kina neno lake la uvivu wa kulaumiwa, nalo ni "Faulheit", kutokana na "faul". Hilo ndilo "laziness" hasa. Immanuel Kant alipoandika mwaka 1784 juu ya kwa nini watu wengi hukubali kufikiriwa na wengine, alitaja sababu mbili, "Faulheit und Feigheit", uvivu na woga. Hakuandika "Trägheit". Alikuwa analaumu, na akachukua neno la kulaumu. "Faul" ni kali kiasi kwamba ndilo pia neno la kitu kilichooza: "ein faules Ei" ni yai viza.

Mwandishi wa Kijerumani anayechagua "Trägheit" wakati "Faulheit" lilikuwa hapo karibu, mara nyingi amekusudia kitu cha upole zaidi, au cha kimwili zaidi, au cha kuelezea tu bila kuhukumu. Heshimu uchaguzi wake. Kwa hiyo kwa mtu anza na "sluggishness", ambalo kwa Kiswahili lingekuwa uzito au ulegevu, halafu usogee kutoka hapo kulingana na sentensi.

Ikiwa ni uzito mtamu wa mchana wa joto, mtu amejilaza kivulini hataki hata kunyoosha mkono, Kiingereza kina "languor". Ikiwa uzito umezidi, mtu hana nguvu wala hamu, ni "lethargy", ingawa Kijerumani nacho kina "Lethargie" kwa hali hiyo. "Indolence" ni ya vitabuni zaidi, husemwa kwa mtu mwenye nafasi ambaye hapendi kujisumbua; kwenye mazungumzo ya kawaida inasikika nzito. Tena iangalie hospitalini: daktari Mjerumani akiandika "indolent" juu ya tezi, anamaanisha haiumi, na Mwingereza akisema "indolent" juu ya uvimbe wa saratani, anamaanisha unakua polepole. Hakuna mvivu yeyote hapo. "Geistige Trägheit", uzito wa akili, inaweza kuwa "mental sluggishness" kwa mtu aliyechoka, na "intellectual laziness" kwa mtu anayekataa kufikiri. Hapa lawama ipo kweli, nawe una ruhusa ya kutumia "laziness", kwa kuwa mazingira ya sentensi yamekupa.

Nakaa kidogo kwenye hospitali, kwa sababu wauguzi wengi wa kwetu wanaelekea huko. Kenya na Ujerumani zilitia saini makubaliano ya uhamiaji na ajira mjini Berlin mwezi Septemba 2024, na madarasa ya Kijerumani yamejaa watu wanaotaka kuhudumia wagonjwa na wazee. Mtu wa namna hiyo atakutana na sentensi kama "Der Patient wirkt heute träge". Maana yake: leo mgonjwa anaonekana mzito, haitiki haraka, hana uchangamfu wake wa kawaida. Kiingereza: "The patient seems sluggish today". Ni habari ya kitabibu, pengine dalili ya dawa iliyozidi, ya maji kupungua mwilini, ya homa inayoanza. Ukiielewa kama "lazy", umegeuza dalili kuwa tabia, na hutaichukulia kwa uzito unaostahili.

Vilevile "Die Pupillen reagieren träge": mboni za macho zinajibana polepole zikimulikwa tochi. Kiingereza ni "the pupils react sluggishly", na ni taarifa ya kumpa daktari bila kuchelewa. "Darmträgheit" ni utumbo unaofanya kazi polepole, "sluggish bowels", na mara nyingi kwa lugha nyepesi ni "constipation", kufunga choo.

Na kuna neno ambalo watu hulichanganya na letu kwa madhara makubwa: "Antriebslosigkeit". Ni hali ya kukosa msukumo wa ndani, mtu hawezi kuanza hata jambo dogo, na ni mojawapo ya dalili kuu za sonona. Kiingereza chake ni "lack of drive". Si "laziness", wala si "Trägheit" ya kawaida. Mtu mwenye sonona ameshaitwa mvivu mara nyingi vya kutosha na watu wanaompenda, mfasiri asiongeze.

Hatua ya tano: ikiwa ni dini, angalia umri wa maandishi

Kwenye orodha ya dhambi saba, zile ambazo Wakatoliki wa kwetu huziita vilema vikuu au mizizi ya dhambi, uvivu kwa Kijerumani ni "Trägheit" na kwa Kiingereza ni "sloth". Katekisimu ya Kanisa Katoliki kwa Kijerumani inaandika "Trägheit oder Überdruss", na kwa Kiingereza "sloth or acedia". Jambo linalolengwa si kulala sana. Ni kuchoka na mambo ya Mungu, kuona sala ni mzigo, moyo kuwa baridi mbele ya jema. Watawa wa jangwani Misri walilijua tangu karne ya 4, na Evagrius wa Ponto aliliandikia kwa kirefu.

"Sloth" pia ni jina la mnyama wa Amerika ya Kati na Kusini anayening'inia mitini na kusogea polepole sana. Lakini Wajerumani humwita "Faultier", mnyama "faul". Basi dhambi ikifuata neno moja na mnyama akafuata jingine, usijaribu kuunganisha kimoja na kingine.

Biblia ndiyo mahali pazuri kabisa pa kufanyia mazoezi, kwa kuwa unaweza kulinganisha lugha tatu mstari kwa mstari, na Kiswahili chake tunakijua kwa moyo. Kwenye Luka 24:25 Yesu anawaambia wale wawili wa njia ya Emau. Biblia ya Luther inawaita watu wa "trägen Herzens". Ile ya King James inasema "slow of heart". Biblia ya Kiswahili ya Union inasema "wenye mioyo mizito ya kuamini". Sasa nenda Waebrania 6:12: Luther anataka watu wasiwe "träge", King James "slothful", Kiswahili "ili msiwe wavivu". Halafu Warumi 12:11: kwa Luther tena "träge", kwa King James tena "slothful", lakini Kiswahili kinasema "si walegevu". Neno moja la Kijerumani mara tatu. Kiswahili kikalipa maneno matatu, mizito, wavivu, walegevu, na kila mahali ndipo panapostahili. Watafsiri wetu walifanya kazi safi sana hapo.

Umri wa maandishi una uzito kwa sababu "slothful" na "sloth" kwa Kiingereza cha leo ni ya kanisani na ya vitabu vya zamani. Tafsiri mpya ya NIV, kwenye ule mstari wa Waebrania, imeandika "lazy". Ukitafsiri mahubiri ya Kijerumani ya leo kwa vijana, "lazy" au "half-hearted" huweza kufaa. Ukitafsiri maandishi ya karne ya 17, acha "sloth".

Msemo "Trägheit des Herzens" nao huonekana nje ya kanisa, kwa maana ya kutoguswa na shida ya jirani. Hapo napendelea "indifference", au "sluggishness of heart" kama mwandishi anacheza na lugha ya Biblia. "Heart laziness" si Kiingereza.

Hatua ya sita: ikiwa ni soko, ofisi au mfumo

Hapa maneno mawili yanashindana, na tofauti yake ni ya kufikiria. "Sluggish" husemwa kwa kile kinachokwenda polepole: "ein träger Markt" ni "a sluggish market", soko limedorora. "Inertia" husemwa kwa kile kinachokataa kubadilika: "die Trägheit der Verwaltung" ni "bureaucratic inertia", ofisi inaendelea na utaratibu wa jana kwa sababu tu ulikuwepo jana. Ofisi inaweza kuwa na kasi kubwa ya kugonga mihuri na bado ikawa na "inertia".

Kwenye habari za tabianchi utakuta "die Trägheit des Klimasystems". Ni "the inertia of the climate system": bahari hupokea joto na kulitoa polepole, kwa hiyo hata hewa chafu ikipungua leo matokeo yanachelewa. Kwenye maandishi ya zamani juu ya sinema wameandika "die Trägheit des Auges" kueleza kwa nini picha zinazopita haraka huonekana kama mwendo mmoja. Kiingereza kimezoea kusema "persistence of vision", na hakuna neno lolote kwenye ile foleni ya kamusi ambalo lingekufikisha hapo. Kwa misemo ya namna hii lazima uutafute msemo mzima, si neno peke yake.

Hatua ya saba: jaribu jibu lako kabla hujaliacha

Litafute kwanza kwenye kamusi ya Kijerumani kwa Kijerumani. Duden na DWDS zinapatikana bure mtandaoni, na DWDS inakuonyesha maneno ambayo hukaa karibu na "Trägheit" kwenye maandishi halisi. Kisha ndipo uende kwenye za lugha mbili kama Leo au dict.cc, ambazo mara nyingi huweka alama ya fani mbele ya neno: fizikia, dini, tiba. Soma alama hizo. Programu za kutafsiri zipe sentensi nzima au aya. Ukizipa neno moja zitakubahatishia.

Halafu geuza: chukua neno la Kiingereza ulilochagua, ulirudishe kwa Kijerumani. Kama "laziness" yako inarudi kuwa "Faulheit" na sentensi ya mwanzo sasa inasikika kali kuliko ilivyokuwa, badilisha.

Jipime na sentensi hizi, funika majibu kwa mkono.

"Das Trägheitsmoment der Scheibe ist zu berechnen." Ni swali la mtihani wa fizikia: "moment of inertia" ya kisahani.

"Nach dem Essen überkam ihn eine angenehme Trägheit." Neno "angenehme", la kupendeza, limefuta lawama yote: "a pleasant languor", au kwa lugha ya kawaida "a pleasant drowsiness".

"Die Trägheit der Behörden kostete uns Monate." Ukisoma kwamba wamechelewa tu, "sluggishness". Ukisoma kwamba hawakutaka kubadili kitu, "inertia". Rudi kwenye aya iliyotangulia kabla hujaamua.

"Aus Trägheit blieb er bei seinem alten Stromanbieter." Hii ndiyo ngumu. Ni mtu, si jiwe, na hatua ya nne ingekupeleka kwenye "sluggishness". Lakini soma alichofanya: amebaki na kampuni yake ya umeme ya zamani ingawa angeweza kuhamia nyingine, kama inavyowezekana Ujerumani tangu soko la umeme lilipofunguliwa mwaka 1998. Hajachoka, na huenda anafanya kazi usiku na mchana. Kwa Kiswahili tungesema amebaki kwa mazoea. Kiingereza chake ni "out of inertia", neno lilelile la fizikia.